Mwongozo wa Kumkwepa Mungu kwa Njia za Panya

Anayetaka kumficha Mungu mambo yake aanze kwa kuchagua mji. Dodoma hapafai, pamekaa wazi mno, mtu anaonekana toka kilimani. Dar es Salaam watu ni wengi, ila kila mmoja anawahi gari, na unafiki bila mtu mwenye nafasi ya kukutazama ni kazi bure. Njoo Tunduma. Hapa ndipo lami inayotoka bandarini inapoikuta Zambia, ndipo malori ya shaba yanapopishana na malori ya mafuta na mbolea, na hapa kila kitu kina njia mbili za kupita, ya getini na ya pembeni. Mchele, sukari, vitenge, mahindi, bia. Mtoto wa Tunduma anaijua njia ya panya kabla hajaijua tebo ya mbili. Kwa nini roho yake peke yake ipitie getini?

Nina sifa mbili za kuandika mwongozo huu. Ya kwanza, mimi ni wakala wa forodha. Kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kujaza nyaraka za mizigo ya watu, na ninaifahamu vizuri tofauti kati ya kilichomo ndani ya lori na kilichoandikwa kwamba kimo. Ya pili, mimi ni mzee wa kanisa. Kanisa gani, sitaji. Mkoa wetu wa Songwe una makanisa ya kutosha, na kila msomaji akidhani nasema lake hatakuwa amekosea sana. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, injili ikasogea hadi huku kwetu, wakaja na wengine, na wengine, na tangu hapo hatujapungukiwa na mtu wa kutukumbusha kwamba tunaonekana.

Hatua ya kwanza: mjue unayemkwepa. Wengi hukosea hapahapa. Wanadhani wanamkwepa Mungu, lakini ukichunguza mienendo yao utagundua wanayemkwepa ni mama muuza maandazi wa Sogea. Mama huyu anaamka saa 8 usiku kukanda unga. Kwa hiyo anajua nani karudi saa ngapi, kwa mlango upi, na kama viatu alikuwa amevaa au amevishika mkononi. Mtu mzima mwenye mvi na heshima zake, akitoka baa, huchungulia kushoto, akachungulia kulia, kama mama huyo yupo. Juu hachungulii. Katika miaka yangu yote mpakani sijaona mtu anayetoka baa akachungulia juu, labda kama kuna dalili ya mvua.

Ndiyo siri ya fani yetu, na mwanafunzi aielewe mapema. Mungu tunamjua, ni wa rehema, mtu mzima, mambo anayaelewa. Mama wa maandazi hana rehema. Tukiulizwa nani kati ya hao wawili yupo kila mahali na anaona yote, midomo itamtaja mmoja na miguu itamkimbia mwingine.

Hatua ya pili ni kuvuka.

Zamani kuvuka kulikuwa na baraka zake. Lori lilimalizana na maofisa wa Tanzania, likasogea kidogo, likaanza upya kwa maofisa wa Zambia. Siku zilikwenda, dereva na utingo wake wakisonga ugali kivulini kwa tela. Katikati ya ofisi hizo mbili palikuwa na kipande cha ardhi ambacho ukisimama juu yake ulijisikia hauko popote: Tanzania wamekuaga, Zambia hawajakupokea. Nawafahamu watu ambao maisha yao yote ya kiroho waliyaishi kwenye kipande hicho. Kisha tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu wakaja kuzindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, gari linasimama mara moja, karatasi moja inapita mezani kwa huyu na mezani kwa yule. Kwa biashara ni neema, nami nimekula matunda yake. Kwa mnafiki ni msiba. Ikiwa serikali mbili zimeweza kukaa pamoja na kusoma karatasi moja, mtu ataendeleaje kuamini kwamba kule juu faili lake la Jumapili asubuhi na faili lake la Ijumaa usiku yanatunzwa na idara tofauti zisizosalimiana?

Wapo bado wanaovuka kwa hoja kwamba Nakonde, mji wa upande wa Zambia, hawajulikani. Hao ninawajibika kuwapa taarifa. Mwezi Desemba 1991, Rais Frederick Chiluba alitangaza akiwa Ikulu ya Lusaka kwamba Zambia ni taifa la Kikristo, na mwaka 1996 jambo hilo likaingizwa kwenye utangulizi wa katiba yao. Sisi huku, toka enzi za Mwalimu, tumeshikilia kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo. Sasa mtazame mkimbizi wetu. Anatoka kwenye nchi ambayo kiserikali haina dini, anaruka mtaro usiku na suruali ameikunja hadi magotini, anakwenda kumkwepa Mungu ndani ya nchi ambayo yote, pamoja na baa zake, imewekwa wakfu. Ni kuku aliyemkimbia mpishi akaingilia mlango wa jikoni. Yona naye alidhani ng'ambo ni mbali. Lakini Yona walau alilipa nauli ya meli. Huyu wetu amevushwa na bodaboda kwa mkopo.

Faida ya kweli ya Nakonde ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja kamili, na mtu mwenye akili hapotezi nafasi hiyo. Unatoka kwenye maombi ya jioni saa 12, unavuka, unakuta kule ndiyo kwanza saa 11. Unakaa. Unaagiza. Unamaliza shughuli zako saa 12 ya kwao. Ukija kuulizwa ulikuwa wapi kati ya saa 11 na saa 12, unajibu bila kusema uongo hata kidogo: nilikuwa kwenye maombi. Mashahidi wapo, na wimbo ulioanzisha wanaukumbuka. Mzee mmoja wa baraza letu aliipa jina, akaiita saa ya nyongeza, kama vile tumepewa kwa ajili ya utumishi mwema.

Kwa matumizi ya saa hiyo utahitaji laini ya Zambia. Watu wengi wa Tunduma tunazo, ni kitendea kazi. Mteja wa ng'ambo hapendi kupiga simu ya gharama. Nunua simu ya laini mbili. Laini ya Tanzania, ambayo mkeo na mchungaji wanaijua, ukivuka itapotea hewani yenyewe na kusema haipatikani, na kutopatikana si dhambi, ni mtandao. Laini ya Zambia iweke kwenye tundu la kwanza. Nimesema tundu la kwanza. Nitalirudia jambo hilo mbele.

Hatua ya tatu, au ya nne, mpakani hesabu hatuzikazii sana, ni maandishi. Simama Mlowo asubuhi usome malori yanayopita. Mungu Kwanza. Damu ya Yesu. Mashaallah. Bila Yeye Nisingefika. Lori likiwa na breki mbovu na limeandikwa mbele kwamba Mungu ndiye dereva, basi hata suala la breki linakuwa lake. Trafiki akikusimamisha, mwonyeshe kioo. Akitaka na leseni, mwambie huyu wa kiooni ndiye mwenye leseni.

Shida ni mizani ya Mpemba, kwa sababu mizani haisomi kioo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori refu lenye ekseli za kutosha lifike tani 56, na kwenye ekseli inavumilia asilimia 5 ya kuzidi. Ndani ya asilimia 5 hiyo ndimo wanamoishi walokole wengi. Belshaza wa kitabu cha Danieli alipimwa akaonekana amepungua. Sisi ugonjwa wetu ni kuzidisha, na dawa yake inajulikana na kila utingo. Kabla hujafika mizani, shusha magunia kadhaa. Yapakie kwenye bodaboda, yazungukie mashambani. Wewe pita juu ya chuma ukiwa mwepesi, pokea karatasi yako, salimia kwa adabu, kisha mbele kidogo, penye kivuli, simama upakie tena.

Toba nayo tunaifanya hivyohivyo. Jumamosi jioni, ikiwa kesho kuna Meza ya Bwana, tunashusha kinyongo kimoja, kesi moja ya kiwanja, na yule mpangaji tuliyekuwa tumpandishie kodi. Jumapili tunapita wepesi, nyuso zinang'aa, mpaka watoto wanatushangaa. Kinyongo kinazunguka mashambani. Jumatatu saa 2 asubuhi tumeshakipakia, na kamba tumekaza kuliko mwanzo.

Waislamu wasidhani nimewasahau. Jirani yangu wa duka la spea kila Ijumaa hufunga duka, huvaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, akaenda msikitini. Aliwahi kuniambia kwamba kwao kazi ni ngumu kuliko kwetu, kwa sababu kila mtu ana malaika wawili wanaoandika, mmoja kulia na mmoja kushoto.

"Mzee wa Kanisa," aliniambia, "wewe una bosi mmoja, yuko makao makuu. Mimi nimepewa makarani wawili, wamekaa na mimi hapahapa dukani, na hawatoki kwenda chai."

Nikamwuliza, sasa zile beringi za mtumba anazoziingiza kwenye boksi jipya, makarani wanaziandikaje?

"Punguza sauti bwana," akasema, "kuna wateja."

Wateja. Makarani hakuwataja tena siku ile.

Mimi na yeye tulikuwepo hapa Aprili 2013. Ugomvi wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje ulikuwa umeanzia Kanda ya Ziwa. Februari ya mwaka huo mchungaji mmoja aliuawa kule Buseresere, Geita. Aprili ukatufikia. Maduka yakafungwa, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakamatwa kwa makumi. Siku zile sina utani nazo. Jirani yangu alijifungia kwake, mimi kwangu, ukuta mmoja katikati, na kila mmoja alimsikia mwenzake akikohoa na hakuna aliyesema pole. Mji mzima ulikuwa tayari kuumizana kwa ajili ya shingo ya ng'ombe na jina litakalotajwa juu yake. Yalipotulia tulirudi buchani kama kawaida, wote wawili, na kuna jambo nimekaa nalo tangu wakati huo. Kwenye bucha ninayonunua, kilo imekuwa na gramu 800 toka nianze kununua nyama pale. Mchinjaji awe wao, awe wetu, zile gramu 200 hakuna aliyewahi kuzichomea tairi.

Kuhusu lugha nitakuwa mfupi, maana hii mnaijua. Usiseme umbea, omba ombi la maombi. "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, anapita kwenye kipindi kigumu." Watu watauliza kipindi gani, ili wajue namna ya kuomba. Unaeleza. Wanaomba na maelezo ya ziada. Kufikia amina, dada yetu ameshaachika, ana deni benki, na mtoto wa tatu baba yake ana shaka.

Tufike kwenye sadaka, maana hapa fani imekomaa.

Njia ya kawaida ni fungu la kumi, lakini hilo linawekwa kwenye bahasha, na bahasha haina macho ya watu. Anayetaka matokeo ya haraka asubiri siku ya mavuno. Mnajua inavyokuwa. Ibada ikiisha, mazao yaliyoletwa madhabahuni yanatolewa nje na mnada unaanza: mahindi, maharage, mikungu ya ndizi, debe la kahawa kutoka Mbozi, kuku. Mtu ananunua, halafu ili aonekane zaidi anarudisha, kitu kinauzwa tena. Nimeona boga moja likichangia bati la kanisa mara nne na jioni likabaki boga.

Mwaka juzi alipandishwa jogoo. Mwekundu, shingo ndefu, amefungwa miguu kwa upindo wa kanga. Bei ilianzia 10,000. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akasema 20,000. Mimi nikasema 30,000. Akakohoa, akasema 50,000, na kile kikohozi kikaniudhi kuliko hela. Mnadi alikuwa kijana wa kwaya mwenye kipaza sauti kinachokwaruza, alipoona tunatazamana akaanza kuimba, "Mzee wetuuu! Mzee wetu hajawahi kushindwaaa!" Kina mama wakapiga vigelegele. Nikafika 150,000. Jogoo huyohuyo sokoni ni 25,000, na muuzaji anakuongeza nyanya.

Makofi yakiwa hayajatulia nikamwona kijana mmoja anaingia getini. Ni kuli. Siku 4 kabla ya hapo alikuwa amenishushia magunia 200 ya mahindi, yeye na mwenzake, kwenye mvua, na nilikuwa nimemwambia apitie kesho yake kwa ajili ya 18,000 yake. Alikuwa amepitia kesho yake. Alikuwa amepitia na keshokutwa. Nikafanya ninachowashauri na nyinyi mfanye: nikafumba macho nikainamisha kichwa. Tanzania nzima mtu anayeomba haguswi. Hata polisi husubiri amina. Niliomba kwa muda mrefu kuliko mahubiri ya siku ile. Niliombea taifa. Niliombea Kongo. Nilipofungua jicho la kushoto kidogo, kijana alikuwa bado amesimama mbele yangu, na kifuani amemkumbatia jogoo. Kamati ilikuwa imempa anibebee.

"Shikamoo mzee," akasema. "Wamesema nikupelekee nyumbani."

"Marahaba."

Tukaenda. Yeye hatua mbili nyuma yangu, jogoo anageuza kichwa, anatutazama kwa jicho hili, halafu kwa lile, kama ofisa aliyehamishiwa kituo leo. Tulipofika getini kijana akamweka chini taratibu, akajifuta manyoya kwenye shati.

"Mzee, na ile ya juzi?"

"Kesho," nikamwambia, "Mungu akipenda."

Mwanafunzi aitunze sentensi hiyo. Kesho ikifika bila hela, aliyekataa si wewe.

Jogoo hatukumchinja. Mke wangu alisema jogoo wa 150,000 haliwi na wageni hivihivi, asubiriwe askofu. Askofu hajaja. Jogoo akabaki uani anakula mahindi yaleyale.

Kuhusu gesti, kwa sababu za kifamilia, nitataja kitabu tu. Kila gesti ina daftari la wageni lenye mistari iliyopigwa kwa rula: jina, kabila, atokako, aendako, kazi, saini. Ukilifungua utadhani mji wetu unapendwa sana na bwana mmoja anayeitwa John Petro. Analala hapa karibu kila usiku. Kuna usiku amelala vyumba vinne tofauti, saini nne tofauti, kazi mfanyabiashara, ametoka Mbeya na anakwenda Mbeya. Siku ya hukumu huyu John Petro atakuwa na kesi nzito, maskini, na hata hajazaliwa.

Wapo wa shule ya zamani ambao hawana habari na simu wala daftari, wao hufukia. Hao babu yao ni Akani wa kitabu cha Yoshua, aliyechukua vitu vya marufuku kule Yeriko, joho zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu, akavifukia chini ya hema lake. Nguo ya nje ya nchi, haina risiti, imefichwa chini ya kitanda: kwa taaluma yangu hii ni kesi ninayoielewa bila mkalimani. Mambo yakamfikia pabaya, lakini si kwa ajili ya Akani nawakataza kufukia. Ni kwa ajili ya mkoa wenyewe.

Kutoka Tunduma ukirudi kama unakwenda Mbeya, ukishapita Vwawa, kuna njia ya kuingia Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi. Pale pana Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kufika tani 16, lililoanguka kutoka angani siku ambazo hakuna babu wa babu anayezikumbuka. Kilikuwa kimezama ardhini, kinaonekana kichwa tu. Baada ya habari zake kutoka nje mwaka 1930, kikachimbuliwa pembeni kote, udongo wa chini yake ukaachwa kama nguzo, na leo kimekaa juu ya kiti chake unakizunguka unavyotaka, unakigonga kinalia kama kengele iliyokataa kuwa kengele. Kitu chenye tani 16, kilichofukiwa na aliyekitupa mwenyewe, kimetolewa nje watu wanakilipia kiingilio. Wewe unafukia risiti.

Na si hicho tu. Desemba 1938 kingine kikaanguka Ivuna, huko Momba upande wa Ziwa Rukwa. Kidogo, hakifiki hata kilo moja, lakini wanasayansi wanakigombea kwa sababu aina yake ni adimu mno duniani. Mikoa mingine inaomba mbingu ziikumbuke. Sisi Songwe tumetupiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa tani na mara ya pili kwa gramu, kama mtu anayerekebisha shabaha. Anayeniambia kwamba huko juu hawajui tunakoishi, namwonyesha barabara ya Ndolezi.

Sasa nirudi kwenye tundu la kwanza.

Ilikuwa Alhamisi. Nilitoka kwenye kikao cha wazee, nikavuka, nikatumia saa yangu ya nyongeza kwa chupa mbili za bia ya Mosi na kipande cha mbuzi, na kwa kuwa mbuzi alichelewa kuiva nikatumia na saa nyingine ambayo si ya nyongeza. Nikarudi kwa njia ninayoijua. Kesho yake, Ijumaa, kulikuwa na maombi ya alfajiri saa 11, na zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Somo nilichagua mwenyewe: Zaburi ya 139, ile ya mtu anayetafuta pa kukimbilia, juu, chini, baharini, gizani, asipapate. Ninaihubiri vizuri sana. Nikatega simu iniamshe saa 10 na nusu, nikanywa maji mengi, nikatafuna karafuu, nikalala.

Usiku wa manane uani jogoo akawika. Nikanyanyua simu: saa 9 na nusu. Nikasikitika. Jogoo wa 150,000, aliyebebwa hadi kwangu na kijana ambaye bado namdai subira, hajui hata saa. Nikajifunika. Akawika tena. Nikageukia ukutani. Alipowika mara ya tatu nilishapitiwa na usingizi.

Simu ikaniamsha saa 10 na nusu barabara. Nikanawa, nikavaa, nikachukua Biblia, nikatembea kwa utulivu wa mtu mwenye muda. Kwa mbali naona kumepambazuka mapema, nikasema labda ni mwezi. Nikafika kanisani saa 11 kasoro dakika 5 na kukuta watu wote wameketi, na wengine tayari wanakunja vitenge vyao. Moyo ukanijaa furaha. Nikapita katikati hadi mbele.

"Bwana asifiwe! Kweli leo watu wa Mungu mmewahi."

Hakuna aliyeitikia. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye mimbari, Biblia yake imefunguliwa kwenye Zaburi yangu.

"Mzee," akasema polepole, "hebu tusaidie. Kwako ni saa ngapi?"

Nikaangalia simu. "Saa 11 kasoro 5, Mchungaji."

Watu wakageuka kutazama saa ya ukutani. Saa 12 kasoro 5. Mahali pengine popote Tanzania ningeweza kujitetea. Lakini Tunduma hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kusoma jambo hili. Mtu aliyechelewa dakika 40 kalala. Aliyechelewa saa moja na robo amefiwa. Ambaye saa yake imechelewa saa moja kamili, haizidi haipungui, ana laini ya Zambia kwenye tundu la kwanza.

Nilikuwa nimeshaanza sentensi kuhusu umeme kukatika, ingawa simu haihusiani na umeme kukatika, mlango ukasukumwa. Akaingia mweka hazina wetu, anahema, kifungo cha juu cha shati kakitia kwenye tundu la pili, Biblia kwapani, simu mkononi inamulika.

"Bwana asifiwe wapendwa," akasema. "Kumbe mmeanza mapema?"

Benchi la tatu, mama wa maandazi alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, mikono kaikunja mapajani, beseni lake limefunikwa kitambaa miguuni pake. Hakuinua kichwa wala hakufumbua macho.

"Karibuni Tanzania," akasema.